Kikao cha wazazi wa darasa la sita: niwaambie nini, na niwaambie lini?

ticha_chini_ya_mlima (Moshi)

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, shule ya serikali, nina darasa la tano lenye watoto 68 na mwalimu mkuu kashaniambia mwakani napanda nao, yani nitakuwa mwalimu wao wa darasa la sita. Kaniagiza niite wazazi niwaeleze mwaka 2027 utakuwaje kwa watoto wao. Nimepewa saa moja na nusu. Nimeandika maelezo yakafika kurasa nne, jana usiku nikamsomea mke wangu, kufika ukurasa wa pili akaniuliza sasa hapo mzazi anatakiwa afanye nini, nikakosa jibu. Ndo nikaona nije kuuliza hapa maana humu kuna wazazi wengi na walimu wenzangu pia.

Kwa asiyefuatilia nieleze kidogo. Hawa watoto ndo wale walioanza mtaala mpya Januari 2024 wakiwa la tatu. Mwaka ule mtaala ulianza kwa awali, la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza kwa baadhi ya shule, waliokuwa la nne kwenda juu wakaendelea na wa zamani. Na kwenye mtaala mpya elimu ya msingi ni miaka sita. Kwa hiyo hawa wangu hawana darasa la saba. La sita ndo mwisho, wanamaliza 2027 mwaka mmoja na kaka zao wa la saba ambao ni wa mtaala wa zamani, na kwa mpango uliotangazwa makundi yote mawili yanaingia kidato cha kwanza 2028.

Sasa wiki iliyopita nimekutana na mama mmoja stendi ya daladala, mwanae ana akili sana ila siku mbili kila wiki hatumuoni, ni siku za gulio anamsaidia mama kubeba ndizi. Nikamwambia mama mwakani naomba tusaidiane huyu mtoto asikose shule, akanijibu kwa upole kabisa, "mwalimu mwakani si la sita tu, akifika la saba nitajipanga." Daladala ikaja akapanda. Nimelala na lile neno siku tatu. Yule mama siyo mzembe, ni mpambanaji na anajipanga kweli, ila anajipanga kwa ajili ya mwaka ambao haupo.

Na linaloninyima usingizi zaidi ni Kiingereza. Fuatilieni hii hesabu. Hawa walianza la kwanza 2022, wakati huo la kwanza na la pili ilikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, Kiingereza wamekuja kukianza la tatu. Kaka zao nao walikianza la tatu ila wanaenda nacho mpaka la saba, miaka mitano. Wadogo zao walioanza la kwanza 2024 wamekianza tangu mwaka wao wa kwanza. Hawa wa kwangu wana miaka minne tu halafu wanaingia sekondari ambako Hisabati, Biolojia, Jiografia yote inafundishwa kwa Kiingereza. Miaka mitatu inakwisha Desemba hii, umebaki mmoja. Nikiwaza hilo napenda hata kikao kiwe kesho.

Naomba msaada kwenye mambo haya. Kikao nikiite Novemba hii kabla hatujafunga au Januari wakirudi? Nianze na nini ili wasikilize? Na niwaombe kitu gani ambacho mzazi wa mitaa yetu ya Pasua au Majengo anakiweza kweli, maana "mfuatilie mwanao" tunasema kila mwaka na hakuna anayejua tunamaanisha nini.


mstaafu_wa_Usa (Arusha)

Mwanangu hongera kwa kuliwaza hili mapema. Nimefundisha miaka 37, sasa nimestaafu nipo hapa Usa River nalima mboga, na vikao vya wazazi nimevifanya vingi sana, vingine viliharibika mikononi mwangu kwa hiyo nitakwambia nilichojifunza.

La kwanza, michango usiitaje kabisa siku hiyo. Ukianza na michango mzazi anafunga masikio palepale, anaanza kupiga hesabu kichwani, na hata ukija kumwambia mwanae ameongoza wilaya nzima hasikii. Kama kuna la uji au la karatasi za mitihani ya ujirani mwema, kamati ya shule italileta siku yake kwa utaratibu wake, na wazazi waelezwe wazi kwamba mchango ni hiari na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu hiyo. Kikao chako kiwe cha mtoto tu.

La pili, usiwakalishe chini ya mti. Waingize darasani, kila mzazi akae kwenye dawati la mwanae, na juu ya dawati umeshamwekea daftari la Hisabati na la Kiingereza. Wasalimie, halafu dakika kumi usiseme kitu. Waache wafungue. Nilianza kufanya hivi mwaka 1998 nikiwa na la saba, baba mmoja akafungua daftari la mwanae akakuta kurasa tisa zina tarehe na kichwa cha somo tu, chini hamna neno. Akalifunga, akalifungua tena kama anayetafuta kitu alichokiacha humo. Hakuuliza swali lolote kikao kizima. Jumatatu saa moja asubuhi yuko mlangoni kwangu na mtoto kamshika mkono. Mimi kabla ya hapo nilikuwa nahutubia nusu saa kuhusu umuhimu wa elimu na sikuwahi kumuona mzazi Jumatatu. Na hata asiyejua kusoma anaona, anaona ukurasa mweupe, anaona vema na kosa, anaona mwandiko wa mwanae ukianza vizuri juu unaanguka huku chini.

Wakimaliza ndo usimame useme neno moja, watoto hawa hawana darasa la saba. Halafu nyamaza. Watanong'ona, wengine watabisha, waache mpaka mmoja aulize mwenyewe. Usikimbilie kueleza sera na umahiri na nini, hayo maneno mazito ni ya semina za walimu.

Na lirudie kabla hawajaondoka. Wakati wetu shule ya msingi ilikuwa miaka minane ikapunguzwa kuwa saba, hiyo ni miaka ya 1960. Kaka yangu alimaliza la nane mimi nikamaliza la saba, na mama yetu mpaka anafariki alikuwa akiwaambia wageni kwamba huyu mdogo hakumaliza, alibakiza mwaka. Mwanae ni mwalimu, analipwa mshahara wa serikali, lakini kichwani kwake mwaka mmoja ulikuwa unadaiwa. Wazazi wako nao la saba litaendelea kuwepo vichwani mwao usipowaondolea kwa mdomo wako.

Huyo mama wa ndizi fanya naye hesabu, na uifanye ubaoni mbele ya wote bila kumtaja. Mwaka wa shule una siku za masomo 194. Mtoto anayekosa siku mbili kila wiki anapoteza kama siku 78. Hizo ni karibu wiki 16. Andika hiyo 194, toa 78, waache waangalie kinachobaki. Wachagga na Wameru ni watu wa biashara, hesabu ya hasara wanaielewa kuliko mawaidha.


mama_wa_mbuyuni (Moshi)

Shikamoo mwalimu mstaafu, umenigusa hapo kwenye daftari. Mwalimu wa la tano mimi niongee kama mzazi maana nauza viazi na vitunguu hapa Mbuyuni na nimeshakosa vikao vingi sana, na kila nikikosa naambiwa sijali.

Januari usithubutu. Wewe uko Moshi unajua Desemba yetu ilivyo, ndugu wametoka Dar, nyumba imejaa, watu wamepanda Kibosho na Rombo na Marangu, mbuzi kachinjwa, nauli zimepanda, ikifika Januari hela hamna halafu kuna sare, kuna viatu, kuna madaftari, mwenye wa sekondari ndo kabisa. Barua ya shule ikija Januari mtu anaiogopa kabla hajaifungua. Novemba bado kuna utulivu. Na ukituambia Novemba hata kwenye Krismasi mtoto akiwa kwa bibi huko mgombani tunajua akae na kitabu gani.

Saa nayo. Mnatuita saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi sokoni ndo watu, nikifunga meza saa hiyo nimepoteza siku. Jumamosi kuanzia saa nane mchana tunapumua, ita saa hiyo, na kwenye barua andika kabisa kikao kinaanza saa nane kinaisha saa tisa na nusu, na kweli kiishe. Tumeshaitwa saa nne tukaanza saa sita tukatoka saa kumi.

Kingine nakuomba sana mwalimu, usisome nafasi za watoto mbele ya watu. Kuna shule moja mwanangu mkubwa alisoma, kikao kilikuwa ni kusoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, mwanangu alikuwa wa 71 na mimi nimekaa na majirani zangu wa sokoni. Sikurudi tena kikao chochote mpaka anamaliza. Nilijua nakosea lakini miguu ilikataa.

Sasa na mimi niulize. Niliishia la saba na Kiingereza sijui. Nikikaa na mtoto anasoma nitajuaje kama anasoma sawa au anabuni? Hapo ndo huwa naona bora nimwachie tu, nikimkalia naona kama namdanganya.


ticha_chini_ya_mlima

Mama asante mno, saa nane Jumamosi na Novemba nimeandika, na nafasi za watoto sitasoma, hilo nakuahidi, kila mzazi atakuta ya mwanae ndani ya daftari imekunjwa.

Kuhusu Kiingereza nisikilize, huhitaji kukijua. Mtoto akae karibu na wewe, wewe endelea na kazi yako, kama unamenya viazi menya, yeye asome kwa sauti ukurasa mmoja. Akimaliza mwambie sasa nieleze kwa Kiswahili umesoma nini. Akikueleza na ukaelewa basi amesoma. Akianza kuzungukazunguka ujue hakuelewa, na siyo kazi yako kumfundisha, mwambie apige kamstari ka penseli chini ya neno lililomkwamisha aje nalo kwangu asubuhi. Dakika 15 zinatosha. Sikio lako ndo ninalolitaka, mtoto akijua kuna mtu atamuuliza anasoma tofauti kabisa na anayesoma peke yake.

Na sasa hivi ninavyoandika ndo nimeona nimepata jibu la mke wangu. Hicho ndo nitakachowaomba. Dakika 15 kila jioni, kitabu cha Kiingereza siku tatu na Hisabati siku mbili. Zile kurasa nne naziweka pembeni.


mgumu_wa_machame (Moshi)

Ticha salama? Nimesoma yote nikaona kuna watu mmewasahau, sisi baba. Mimi kazi yangu ni mlimani, ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni. Trip ya Machame ni siku sita au saba, nikishuka nalala siku mbili napanda tena, msimu ukichanganya kuanzia Juni mpaka Oktoba nyumbani naonekana kama mgeni. Kikao chako unaweza kukiweka siku nzuri kabisa na mimi niko kambi ya Barafu nasubiri wageni washuke kutoka kileleni, na siyo kwamba sijali, hiyo safari ndo inalipa madaftari.

Ninachokuomba ukishamaliza kikao rekodi sauti yako, dakika tatu nne, kwa lugha hiyohiyo unayoongea hapa, weka kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Nitaisikiliza getini nikishuka. Usitume ile barua ya picha ya kurasa tatu, kwenye simu maandishi hayaonekani na bando linaisha. Na wasio na simu kubwa, wenye vitochi, wapigie au mwambie kiranja wa wazazi awapigie. Meseji fupi nayo inafika, "la sita ndo mwisho, dakika 15 kila siku", basi.

Halafu kuna bibi. Darasa la mwanangu nina uhakika watoto kama kumi wanalelewa na bibi, mama yuko Dar au Uarabuni anafanya kazi za ndani, anatuma hela, lakini kikao haji mtu. Bibi barua akipewa anaiweka kwenye Biblia anasubiri mjukuu mkubwa aje kumsomea Jumapili. Hao ticha ukiweza wafuate mwenyewe, au mtumie mwenyekiti wa mtaa. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi na hakuna mwalimu aliyewahi kufika kwetu, nilivyoacha shule hakuna aliyejua sababu.


baba_wawili_sakina (Arusha)

Samahani wakuu mimi naomba niseme tofauti kidogo, na naongea kwa uchungu. Hivi ni sawa kweli? Mtoto wangu naye yuko kundi hilohilo, kazaliwa 2016, maana yake anaingia form one ana miaka 12 au hajaifikisha, na akipangiwa shule ya bweni mbali ndo aende na hicho Kiingereza cha miaka minne? Mwaka mmoja umekatwa halafu mzazi anaambiwa asome na mtoto dakika 15. Mimi naona tunaongelea maji wakati nyumba inaungua. Walimu mngeanza kuongea nyie maana nyie ndo mnaona.

Na vitabu. Nimenunulia mtoto vitabu vya dada yake kwa mtu hapa mtaani, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, Stadi za Kazi, mtoto ananiambia baba haya masomo sisi hatuna. Nimetupa hela.


ticha_chini_ya_mlima

Baba pole na uchungu wako nauelewa, mimi nina mtoto mwenyewe kundi hilo. Sitakwambia usiogope maana na mimi naogopa, nimesema hapo juu. Ila mtaala siwezi kuubadilisha kati ya sasa na Novemba na watoto 68 nitakuwa nao Januari asubuhi, kwa hiyo nafanya lile ambalo mkono wangu unafika. Kuongea tutaongea, na wewe kwenye kamati ya shule yako ongea, uliza shule ya kata iliyo karibu imejiandaaje kupokea madarasa mawili kwa mwaka mmoja, vyumba vipo, madawati yapo, vyoo vipo? Hayo ni maswali ya mzazi na yakiulizwa mapema yana nguvu.

Kuhusu vitabu hilo umenikumbusha jambo kubwa nitalisema kikaoni. Kwa hawa watoto Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili hayapo, kuna Jiografia na Mazingira, kuna Historia ya Tanzania na Maadili, kuna Sanaa na Michezo. Kiswahili, Kiingereza, Hisabati na Sayansi vipo lakini mpangilio wa mada umebadilika. Usinunue kitabu chochote mtaani kabla hujamuuliza mwalimu. Vitabu vya mtaala mpya vinatolewa na TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, na vipo kwenye maktaba mtandao yao unasoma bure, mwenye simu kubwa afungue mara moja amuonyeshe mtoto. Ila vya zamani usitupe vyote, cha Hisabati kina maswali mazuri ya sehemu na asilimia, mtoto anaweza kujipimia.


mstaafu_wa_Usa

Baba wa Sakina una haki kukasirika. Mimi niongeze moja tu. Usiyaseme hayo mbele ya mtoto. Nimeona watoto wa mwaka wa mabadiliko wakisikia nyumbani kwamba wameonewa, wakaanza kusoma kama walioshindwa tayari. Kasirika kwenye kamati, ukirudi nyumbani kaa naye hizo dakika 15.


nesi_mama_K (Hai, Kilimanjaro)

Mwalimu mimi ni nesi, jambo moja ambalo walimu wa kiume mnaliruka. La sita watoto wana miaka 11, 12, wasichana wengi wataanza hedhi mwaka huohuo mikononi mwako. Ukiliacha utashangaa binti mzuri anakosa siku nne kila mwezi na hakuna anayekwambia sababu. Mwombe mwalimu wa kike aongee dakika tano kwenye kikao, na baba nao wabaki ndani wasitolewe nje, kuna nyumba baba ndo mzazi pekee. Mzazi aongee na binti kabla haijatokea, amwekee taulo kwenye begi na sweta la kujifunga kiunoni. Na darasani pawe na mwalimu mmoja anayejulikana kwamba ukipatwa nenda kwa yule. Wavulana nao waambiwe, yule anayecheka binti akiloa ni kwa sababu hakuna aliyemuelezea.

Na chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 inatolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, wazazi waangalie kadi kama mtoto alishapata. Uvumi upo wa kuharibu uzazi, wakiuliza waambie mkoa wetu wa Kilimanjaro ndo ulianza majaribio 2014 kabla ya chanjo kwenda nchi nzima 2018, mabinti waliochanjwa wakati ule sasa wengi ni kina mama, wanatuletea watoto wao kliniki.


mama_wa_mbuyuni

Mwalimu kikao kimefikia wapi? Na mimi jana nimejaribu ile ya kusikiliza. Alisoma kuhusu ng'ombe na maziwa, kuja kunieleza akasema ni habari ya shamba. Nikamwambia rudi. Mara ya tatu ndo akasema ng'ombe. Sikujua hata neno moja lakini nilijua.


ticha_chini_ya_mlima

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho, samahani nimechelewa nilikuwa nasahihisha mitihani ya kufunga mwaka.

Mama wa Mbuyuni hiyo ya ng'ombe nimeisoma mara mbili nikamsomea na mke wangu, umefanya hasa nilichokuwa nakitafuta.

Kikao nimefanya Jumamosi, saa nane kamili. Barua iliandikwa mistari sita, saa ya kuanza na saa ya kuisha. Watoto 68, wamekuja wazazi na walezi 51, wenzangu wanasema kwa shule yetu hawajawahi kuona. Tuliwaingiza darasani, kila mmoja dawati la mwanae. Zile dakika kumi za kimya mwalimu mstaafu zilikuwa ndefu mno kwangu, nilitamani kuongea nikajizuia. Nilichokuwa nasikia ni karatasi tu zinafunguliwa. Kuna baba alikuwa anahesabu kurasa kwa kidole kilicholowa mate. Kuna dada alikuja badala ya mama yake, akawa anasahihisha mwandiko wa mdogo wake kwa kidole hewani.

Nikasema watoto hawa hawana darasa la saba. Kimya. Halafu sauti ya nyuma ikauliza, "halipo kabisa?" Alikuwa yule mama wa ndizi, alikuja amechelewa na kapu lake kaliweka mlangoni. Nikamjibu halipo mama, la sita ndo mwisho. Akauliza tena, "yani mwakani akimaliza, anamaliza?" Nikasema ndiyo. Hapo ndo darasa zima likaanza kuongea kwa pamoja, tukapoteza kama dakika kumi na tano lakini sikujuta, walikuwa wanaelezana wenyewe, nusu kwa Kichagga nusu Kiswahili, wakielezana vizuri kuliko ninavyoeleza mimi.

Ubaoni nikaandika 194 nikatoa 78. Sikumtaja mtu. Kisha nikaeleza ya Kiingereza, miaka mitano ya kaka zao na minne ya hawa, nikachora vijiti vitano na vijiti vinne. Kisha dakika 15. Wakauliza maswali ya vitu halisi, umeme ukikatika je, wakiwa wawili wanasoma kitabu kimoja je, nikichelewa kurudi je. Tukakubaliana kama mzazi hayupo asikilize dada, asikilize jirani, ilimradi kuna sikio. Mwalimu mwenzangu wa kike akaongea ya hedhi na ya chanjo, baba wote walibaki, wawili waliinama chini ila walibaki. Michango haikutajwa. Saa tisa na nusu nikafunga, kuna waliokuwa bado wamekaa na madaftari, sikuwaondoa.

Mama wa ndizi alipotoka nilimuona pale getini anapiga simu, sikukusudia kusikiliza lakini alikuwa anaongea kwa nguvu, anamwambia mtu kwamba kuanzia mwakani siku za gulio atafute kijana wa kubeba atamlipa, "wa kwangu ana shule." Jumanne iliyofuata mtoto alikuwepo. Ijumaa hakuwepo. Jumatatu nikamuuliza, akasema kijana hakutokea. Basi, tunaendelea.

Sauti nimerekodi dakika nne nimeweka kwenye grupu, mgumu wa Machame natumaini uliikuta ulipofika getini. Wenye vitochi 9 nimewapigia wote, wawili namba hazipatikani. Na wale 17 ambao hawakuja, nimeangalia daftari la mahudhurio nikakuta 11 wanaishi na bibi, ulisema kweli kabisa. Nimepanga kuwafuata wawili wawili. Wa kwanza anakaa juu kule Kibosho, mtoto anashuka na kupanda kila siku. Jumamosi napanda naye, nimeshamwambia amwambie bibi kwamba mwalimu anakuja na siyo kwa ubaya.